Mkono Uliojifunza Kukataa

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitueleza kila kitu siku ya kwanza, wala hakutuficha lolote. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mpole wa sauti, mwenye vidole vigumu vya mtu aliyeshika miili ya watoto kwa miaka mingi. Kituo chake kilikuwa nyumba ya kawaida huko Ntinda, mjini Kampala, nyuma ya maduka. Sebule ambayo zamani watu walikaa wakatazama televisheni sasa ilitandikwa mikeka ya sponji, ikatundikwa kamba na mikanda darini, na kioo kikubwa kikabandikwa ukutani usawa wa mtoto anayetambaa. Mke wangu alikuwa amempakata binti yetu. Mimi nilikaa pembeni, kofia mkononi, kama mzazi aliyeitwa shuleni.

Aliongea kwanza Kiluganda na mke wangu. Kisha akanigeukia mimi kwa Kiswahili cha kambini. Alikulia kambi ya jeshi ya Mbuya, baba yake alikuwa askari, na jina langu lilimwambia kwamba mimi ni Mnubi, wa uzao wa askari wa zamani.

"Taata, sikia," alisema, akiniita baba kwa Kiluganda. "Mtoto yako atakuja hapa kila siku ya kazi, mwezi mzima. Asubuhi yote ni yake. Atalia. Atachoka mpaka mutaogopa. Siku ingine atafanya kitu mzuri, kesho yake atasahau. Hiyo yote ni kawaida. Usikuwe na halaka."

Alisema halaka, si haraka, kama wengi wanavyosema mjini kwetu.

"Atatembea?" nikauliza.

"Sisemi atatembea. Sisemi hatatembea. Mimi nataka shingo yake ikae, mgongo ishike, mikono ifunguke. Hiyo ndiyo nataka mwezi hii."

Niliyasikia maneno hayo yote. Mke wangu naye aliyasikia. Lakini tulipotoka nje, kabla hatujafika kwenye gari, aliniambia kwa sauti ya chini, "Hajasema hatatembea." Nami nikamjibu, "Hajasema." Tukaondoka na neno hilo moja, mengine tukayaacha kule ndani.

Binti yetu alikuwa amevuka miaka mitatu. Alipozaliwa hakulia, wakunga walihangaika naye muda mrefu kabla sauti haijatoka, na kwa miezi kadhaa tulidhani jambo hilo limepita. Kisha watoto wa majirani waliozaliwa msimu wake wakaanza kukaa, wakatambaa, wakawa wanavuta nguo za watu kwenye kamba, na wetu akabaki pale tulipomlaza. Daktari akatupa jina la hali hiyo: mtindio wa ubongo. Alisema ubongo uliumia mwanzoni kabisa, na kwamba jeraha lile halitazidi wala halitapona, ila mwili unaweza kufundishwa kuishi nalo. Miguu yake ilikakamaa na kupishana kama mkasi. Mikono ilikuwa ngumi, kidole gumba kimefungiwa ndani. Kichwa kilimwangukia kifuani kila alipochoka. Hakuwa na neno hata moja.

Lakini kicheko alikuwa nacho. Mimi ni dereva wa lori, Kampala kwenda Juba. Babu yangu alikuwa askari, baba yangu alikuwa dereva, na katika ukoo wetu pale Bombo mwanamume aliyekosa kazi ya kwanza alipata ya pili. Kila niliporudi kutoka safari nilisimama mlangoni na kutoa kwa mdomo mlio wa breki za upepo, psss, naye popote alipolazwa alicheka mpaka mwili mzima ukakaza. Mama yake alimlisha, alimwogesha, alimbeba mgongoni mchana kutwa, na hakuwahi kupata kicheko kile. Alikuwa akinitania kwamba mimi nakula alichokipanda yeye.

Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Muhula ulikuwa katikati, na mwalimu mkuu alimwambia wazi kwamba mwezi mzima hawezi kumpa. Kwa hiyo nikamwachia dereva mwenzangu lori, nikaazima gari la ndugu yangu, na ikaamuliwa kwamba mimi ndiye nitakayekwenda Ntinda. Mama yangu alipopata habari alinipigia simu kutoka Bombo.

"Wewe, mwanamume mzima, utakaa na wanawake kutwa nzima?"

"Nitakaa, Mama."

"Basi msomee mtoto dua kabla hajaguswa. Wewe mwenyewe usome, usimwachie mwingine."

Nilimsomea garini, nje ya geti, nikampulizia usoni. Alifumba macho, akatabasamu. Kisha nikambeba ndani.

Mtaalamu na msaidizi wake walimvua nguo akabaki na nepi. Mtaalamu alisugua viganja vyake vikapata moto, akaanza kumkanda mapaja polepole, na hapo binti yangu alikuwa bado ametulia, akitazama kamba za darini. Baadaye mguu mmoja ukanyooshwa, ukashikiliwa. Ukafuata wa pili. Wakamvika kijikoti kizito chenye mikanda ya kuvutika, cha kuusaidia mgongo, wakamlaza kifudifudi juu ya mpira mkubwa ili ainue kichwa. Ndipo alipolia kilio ambacho mimi sikuwa nakijua. Nilikuwa najua kilio chake cha njaa, cha nepi, cha sikio. Hiki kilitoka chini kabisa, na katikati yake alikuwa akinitafuta kwa macho kwenye kioo.

Akanipata. Akaongeza sauti.

"Taata, toka nje kidogo," mtaalamu aliniambia bila kuinua uso. "Akikuona anafikiri utamutoa."

Nikatoka.

Nje kulikuwa na benchi refu barazani, na juu yake akina mama wa watoto wengine wakisubiri zamu. Waliponiona wakahama kidogo kunipa nafasi na mazungumzo yakakatika. Nilisalimu kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiluganda changu huvunjika nikiwa na wasiwasi. Mmoja akamwuliza mwenzake kitu, wote wakanitazama viatu.

"Wanauliza kama uko polisi," alisema mwanamke aliyekaa mwisho wa benchi, akicheka. "Hapa ukisema Kiswahili wanafikiri umekuja kufunga mutu."

Alikuwa Mkongomani, kutoka upande wa Bukavu. Aliuza vitenge kwa kutembeza, na kijana wake, mkubwa kidogo kuliko binti yangu, alikuwa amepitia miezi ya namna hii mara mbili kabla. Nilimwambia mimi ni dereva. Akawatafsiria wenzake na mabega yao yakashuka.

Kilio kilikuwa kinapita ukutani kama ukuta haupo. Nikasimama, nikaenda karibu na mlango.

"Papa, rudi ukae," yule mama aliniambia. "Siku za kwanza njo mbaya. Wa kwangu alilia mpaka sauti ikakwisha. Ukisimama kwa mlango utaingia, na ukiingia umeharibu."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Hakuna kitu utafanya. Unakaa."

Nimebadilisha matairi ya lori kwenye tope, mvua ikininyeshea, magari yakipiga honi nyuma yangu. Nimelala chini ya injini iliyokufa mahali ambapo watu walinishauri niiache nikimbie. Sijawahi kupewa kazi ngumu kama ile ya kukaa kwenye benchi. Nilikaa, viganja katikati ya magoti, nikawa nasikiliza kilio kikipanda na kushuka, nikijidanganya kila kiliposhuka kwamba kimekwisha.

Waliponirudishia binti yangu, alikuwa amelowa jasho, nywele zimemganda kichwani. Alilala kabla sijafika barabarani. Alilala hadi alasiri, akaamka, akakataa uji, akalala tena. Mke wangu alirudi kutoka shuleni, akamshika paji la uso, akanitazama.

"Wamemfanya nini?"

"Mazoezi," nikasema, kwa maana sikuwa na neno lingine.

Wiki ya kwanza ilikwenda hivyo. Hakuna aliyekuwa ametudanganya, na bado kila jambo lilitushtua. Alipoteza hamu ya kula, kisha siku moja akala kama mtu aliyetoka safari. Usingizi wake ulibadilika. Mate yalimtoka zaidi. Miguu ambayo asubuhi kituoni ilikuwa laini ilirudi kukaza jioni, wakati mwingine zaidi ya awali, na mtaalamu akasema mwili unabisha, kwamba misuli iliyozoea jambo moja haikubali kuachia kwa siku chache. Nilimwuliza kila siku kama kuna nafuu. Kila siku alinijibu kwa utulivu uleule, "Tunafanya kazi."

Ijumaa akaniita ndani.

"Jumamosi na Jumapili misuli haiendi kanisani wala msikitini," alisema. "Kuja nikufundishe."

Alinifundisha kushika kisigino na goti, kuvuta taratibu hadi mwili useme hapana, kisha kubaki pale bila kuvuta zaidi na bila kuachia. Alinifundisha kuufungua mkono: usivute vidole, bonyeza pale chini ya kiganja, subiri, na ngumi itafunguka yenyewe. Nilijifunza haraka. Mikono yangu imezoea kusikiliza chuma, na alisema nina mkono mzuri, nina subira. Nilirudi nyumbani kwetu Bwaise, bondeni, nimejaa sifa hiyo. Mke wangu alitandika mkeka sebuleni, akashika kichwa cha mtoto, nami nikaanza kama nilivyofundishwa.

Alilia kilio kilekile cha kule ndani. Mara hii hakuna aliyenitoa nje. Mimi ndiye niliyekuwa nimeushika mguu.

Katikati ya wiki ya pili nilitoka dukani kununua sukari. Niliporudi nilisimama mlangoni, nikafanya psss. Binti yangu alikuwa kwenye mapaja ya mama yake. Mwili ukakaza, ila si kwa kicheko. Midomo ikapinda, akageuza uso akauficha kwenye kifua cha mama yake.

"Amechoka tu," mke wangu alisema.

Kesho yake nilijaribu tena, ikawa vilevile. Siku iliyofuata nikajaribu kwa sauti ndogo zaidi, kama mtu anayegonga mlango wa mgonjwa. Mke wangu alimfunika mtoto kwa leso na kuanza kumwimbia.

Nilimwambia mtaalamu. "Mtoto ananiogopa."

"Hata mimi ananiogopa."

"Wewe si baba yake."

Aliacha kukunja taulo alilokuwa akikunja. "Mama yake afanye mazoezi," alisema. "Wewe umubebe tu, umuchezeshe."

Tukajaribu. Mke wangu alishika mguu, akauvuta kidogo, mtoto akalia, na yeye akalia. Akauachia. Akajaribu tena, akalia kabla ya mtoto. Aliinuka, akaenda jikoni, nikamsikia akifungua bomba bila kuosha kitu. Nikashika mguu mimi. Hatukulizungumzia tena jambo hilo. Kila jioni alitandika mkeka, akashika kichwa, akaangalia pembeni.

Kisha mvua ikaja. Anayeishi Bwaise hahitaji kuelezwa. Ilianza alfajiri, na mpaka watu wakamaliza chai mfereji ulikuwa umejaa, maji meusi yakipita kati ya nyumba yakibeba makopo na kandambili. Yaliingia kwetu kwa chini ya mlango, licha ya viroba vya mchanga. Tuliweka godoro juu ya meza, mtoto juu ya godoro, mama yake akakaa naye pale juu miguu ikining'inia, na mimi nikawa nachota maji kwa ndoo na kuyamwaga dirishani, yakarudi kwa mlango. Siku ile hatukwenda Ntinda. Siku ya pili barabara ilikuwa bado haipitiki. Siku ya tatu binti yangu alikuwa anakohoa, na kila alipovuta pumzi mbavu zilizama.

Kifua kwa mtoto wa namna yake si mafua ya kupaka mafuta. Tulimpeleka kliniki, akapewa sindano, akawekewa mashine ya mvuke. Alilala chali, mdomo wazi, mikono ngumi tupu. Siku ambazo zilikuwa za kufundisha shingo yake zikaenda zote katika kumfanya apumue. Nilimpigia mtaalamu simu nikidhani atanilaumu. "Kwanza apone," alisema tu. "Mwili ina kazi moja kwa wakati moja."

Tuliporudi kituoni walimketisha mbele ya kioo na kichwa kikaanguka kifuani, kama asubuhi ya kwanza.

"Tumerudi nyuma?" nikauliza.

"Tumerudi," alisema. Alisugua viganja vyake, akaanza upya na mapaja.

Na ilikuwa siku hiyohiyo ambayo kijana wa yule mama Mkongomani alisimama. Walikuwa wakimfunga kwa mikanda kwenye ubao wa kusimamia kila siku, na asubuhi ile mtaalamu akafungua mkanda wa magoti, akafungua wa kiuno, akamwekea mikono kwenye bomba la ukutani, akasogea nyuma. Alituita wote tuingie. Kijana alisimama. Miguu ilimtetemeka, matako yametoka nyuma, ulimi nje, lakini hakuna mkono wa mtu uliomgusa. Mama yake alifunika mdomo kwa viganja, kisha akavitoa na kupiga vigelegele hadi majirani wakachungulia juu ya ukuta. Akina mama wakamkumbatia. Nilipiga makofi na wao. Nilipiga makofi kwa nguvu. Baadaye nikaenda kukaa ndani ya gari, nikaweka mikono kwenye usukani wa gari lililozimwa.

Yule mama alikuja kugonga kioo.

"Papa, usikasirike."

"Sikasiriki, Mama. Nimefurahi kwa ajili yako, wallahi."

"Najua," alisema. "Na mimi nilikaaga hivyo. Mutoto wa mwingine alisimama, nikapiga makofi, nikaenda chooni nikakaa mule." Akanipa chapati iliyofungwa kwenye gazeti. Niliila nikiwa peke yangu, yote.

Mwezi ulikuwa unakwisha na sisi tulikuwa tunafukuzia tulichokuwa nacho kabla ya mafuriko. Shingo ikarudi kidogo. Mgongo ukashika akiegemezwa. Siku moja kabla ya ile ya mwisho mtaalamu aliniita niingie, aangalie ninavyofanya mazoezi ya mkono kabla hajatuachia. Binti yangu alikuwa ameketishwa kwenye kiti kidogo cha mbao chenye mkanda wa kiuno, meza mbele yake. Aliponiona nakuja, midomo ikaanza kupinda. Nikapiga goti. Nikasogeza mkono wangu kuushika mkono wake wa kushoto, nikabonyeza chini ya kiganja kama nilivyofundishwa.

Mkono wake wa kulia ukafunguka. Haukufunguliwa na mtu. Ukatoka pembeni alikouweka, ukavuka meza polepole kama kitu kinachosukumwa na maji, kiganja wazi, vidole vimetawanyika, ukatua juu ya kifundo cha mkono wangu. Ukasukuma.

Msukumo wenyewe haukuweza kusogeza kikombe. Lakini niliuhisi. Na alikuwa ananitazama usoni.

"Ngoja!" mtaalamu akasema. "Usimuguse. Toa mkono. Sasa rudisha."

Nikarudisha. Mkono mdogo ukaja tena, ukasukuma.

"Amekataa! Taata, amekukataza!" Aliita msaidizi wake kutoka chumba cha pili, akaongea Kiluganda kwa kasi, akanirudia na macho yenye maji. "Unaona? Imefunguka yenyewe. Imevuka katikati ya mwili. Macho imefuata mkono. Hii ndiyo tulitafuta mwezi yote!"

Nilijua ni ushindi. Niliona kwa macho yangu kwamba kila kitu walichokuwa wakikifanyia kazi kwenye mikeka ile kimekusanyika katika tendo moja. Nilitaka kufurahi kama yule mama alivyofurahi. Lakini kitu cha kwanza ambacho binti yangu alikifanya duniani kwa mkono wake mwenyewe kilikuwa kuniondoa mimi, na mtaalamu alikuwa akisema, "Tena, Taata. Rudisha tena. Lazima azoee." Basi nikarudisha. Nikarudisha mkono, akausukuma, nikarudisha, akausukuma, yeye akilia, mimi nikimsifu kwa sauti kama nilivyoelekezwa, "Vizuri, mama yangu, vizuri sana," mpaka mkono wake ukachoka na kulala mezani.

Siku ya mwisho mke wangu aliomba ruhusa shuleni akaja. Mtaalamu alituonyesha kwenye simu picha mbili za video, ya mwanzo na ya juzi. Mimi nilizitazama na kwa muda sikuona tofauti. Mtoto yuleyule, mpira uleule, kilio kilekile. Mke wangu aliona mara moja. "Kichwa," alisema. "Tazama kichwa." Katika ya pili kichwa kilikuwa juu, kikiyumba, kikianguka, kikirudi juu chenyewe.

Safari hii mke wangu ndiye aliyeuliza. "Atatembea?"

"Nnyabo, alipokuja tulimushika kifua ndiyo akae. Leo tunamushika kiuno." Mtaalamu aliweka viganja kwenye mwili wake mwenyewe kuonyesha, kifuani, kisha kiunoni. "Hiyo ndiyo niko nayo. Mukiendelea nyumbani kila siku, itabaki. Mukiacha, itaondoka. Akikua, mifupa itarefuka na misuli itavutika, tutapigana tena. Kuja likizo, tufanye mwezi ingine."

Mke wangu alimshukuru. Tulitembea hadi kwenye gari, na mara hii hatukuwa na neno la kuondoka nalo.

Nilirudi kwenye lori. Mke wangu alijifunza kuuvuta mguu bila kulia; sijui alijifunzaje, sikuwapo. Miezi ilipita. Niliporudi safari binti yetu hakuniogopa tena kama mwanzo. Alinitazama kwa makini, kama mtu anayemkagua mgeni mikono, na akiona sikuja na mkeka alitulia. Kukataa kwake kukakua. Alikataa kijiko, alikataa kofia, alikataa kupanguswa pua, na kila mara mama yake alisema kwa fahari, "Umeona?"

Tulipokwenda kuchukua viatu vyake vya plastiki vya kushikilia nyayo, nilimkuta yule mama Mkongomani kwenye benchi lilelile. Nilimwuliza habari za kijana.

"Alirefuka," alisema. "Mifupa ilikimbia, misuli ikabaki. Hasimami tena, Papa." Alisema kama anavyosema mtu kwamba mvua imenyesha. Kutoka ndani nilisikia sauti ya kijana wake ikilia. "Tunaanza," akasema.

Likizo ilipofika mke wangu alimpeleka yeye. Mimi nilikuwa Elegu, mpakani, kwenye foleni ya malori iliyokuwa haisogei. Nilimpigia mchana.

"Mko wapi?"

"Tuko Ntinda. Mimi niko nje."

"Analia?"

"Analia." Na kweli, nyuma ya sauti yake nilimsikia, mbali, kama redio ya jirani.

"Niwekee simu karibu naye kidogo."

"Ili umwambie nini?" aliniuliza. Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua kweli.

Kisha nikasikia mlango, na mtu akimwita kwa Kiluganda. "Wananiita nikamshike kiuno," alisema. "Nitakupigia." Laini ikakatika. Mbele yangu lori lilikuwa limewasha injini. Dereva wa nyuma akapiga honi, nami nikaweka simu kwenye dashibodi, uso juu, nikasogea mita chache, nikasimama tena. Mke wangu alipiga jioni nikiwa nimeshavuka mpaka. Alisema mtoto amekula, amelala, na kesho wanatakiwa wafike mapema zaidi.